Maharusi wana kila kitu ndani, bajeti ni laki nne: tununue nini?

Mtunza_Daftari
Wakuu, habari za jioni. Maharusi wako Dar, wote wana kazi, na nyumba imejaa: friji, jiko la gesi, mashine ya kufulia, vyombo vya kulisha ukoo mzima. Mchango wa kamati tulishatoa, hii ni zawadi ya kupeleka mbele siku yenyewe. Tuko wanane, 50,000 kila mmoja, jumla 400,000. Hotpoti na seti za glasi hatuzitaki. Kipi kitatumika kweli?

MwanaKhanga
Nyumba iliyojaa haikatai khanga. Zinavaliwa, zinabebea mtoto, zinagawiwa, zinachakaa, zinahitajika nyingine. Ila kuna mitego. Doti ni vipande viwili, kila kimoja kina pindo, mji na jina. Someni jina lote kabla ya kulipa, maana mengine ni mafumbo ya kumsuta mke mwenza au jirani, na rangi nzuri hukufanya usilitazame. Bibi harusi akiifunua mbele ya mawifi, hapo mmeleta maneno. Njia salama ni kisutu, khanga ya harusi tangu zamani: nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Hakikisheni ni pamba tupu. Chomoeni uzi mmoja pembeni, muuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Ya poliesta hainyonyi jasho, kwa joto la Dar itaishia kabatini. Doti ikiwa bado imeungana, iacheni hivyo hivyo. Mwenyewe atapeleka kwa fundi kukata na kupinda, na afue peke yake mara ya kwanza kwa sababu nyekundu huchuja.

Fremu_na_Picha
Khanga sawa, lakini kwa laki nne ongezeni picha kubwa ya ukutani. Siku ya sherehe mnapeleka bahasha yenye risiti ya fremu iliyolipiwa, picha wanachagua wenyewe baadaye.

Kinachoharibu kazi hii ni picha iliyopita WhatsApp. Ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi kama pikseli 1600 upande mrefu. Karatasi ya A3 ina urefu wa sentimita 42, na ili itoke safi inataka karibu pikseli 5000. Ndiyo maana nyuso hutoka na ukungu, kisha lawama anabeba mchapaji. Mpiga picha aiweke kwenye flashi, au aitume kama dokumenti.

Jambo la pili ni kioo. Kisiguse picha: kati yake iwekwe kadibodi nene kuzunguka pembe zote. Hewa ya pwani ina unyevu, picha hunata kwenye kioo, na siku ya kuibandua wino hung'oka.

Mtunza_Daftari
Asanteni sana. Wengine huku wanataka tuwekeze kwa jina lao, na mmoja kasema LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mnaonaje?

Hesabu_za_Ndani
Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinaanzia 1,000,000, hamfiki. Vipande vya UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, vinawezekana, lakini hapo hamtawashtukiza: kufungua akaunti kunahitaji kitambulisho na akaunti ya benki ya mwenye mali. Kama tayari wanayo, waombeni namba muingizie humo. Mkiamua kutuma pesa tu kwa simu, wekeni na ya kutolea.

LUKU ni nzuri pale nyumba ikiwa yao. Tokeni ile ya tarakimu 20 inakubali mita moja tu, hivyo mpangaji akihama uniti zinabaki kwa mwenye nyumba. Na kodi ya jengo hukatwa humo humo.

Mtunza_Daftari
Nyumba ni ya kupanga, basi LUKU hapana. Doti mbili za kisutu, iliyobaki iende kwenye fremu.

Fremu_na_Picha
Vizuri. Mlipie na ufungaji pia. Ukuta wa tofali la simenti unatobolewa kwa drili, plagi, kisha skrubu. Msumari wa kugongea hupasua plasta na fremu ya kioo ni nzito. Kwa kuwa wamepanga, waombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla fundi hajafika.