Komputa 14 hazina diski, nataka zibuti Linux (ziwake nayo) kwa waya kutoka seva moja, nimekwama kwa kosa la PXE-E53

mkaazi_wa_langoni (Amu)

Assalam aleikum wenzangu. Naomba msaada na mnivumilie manake nitaeleza kwa urefu kidogo.

Hapa Amu, yaani Lamu, tuna chumba cha komputa kando ya madrasa, Langoni. Tulipewa mashine 14 za mitumba, zikaja na boti kutoka Mokowe, zikapakiwa punda kutoka gatini mpaka mlangoni, na zote zilikuwa zishatolewa diski kabla hazijatufikia. Mengine yote yako sawa, ramu ni giga 2 isipokuwa tatu zina giga 4. Pesa za diski 14 hatuna. Mwaka mzima tumekuwa twatumia fleshi za Debian live (Linux inayowaka kutoka fleshi yenyewe), kila mashine na fleshi yake, lakini watoto wazichomoa, zingine zapotea, na nikitaka kubadilisha kitu kimoja tu nakesha nikiandika fleshi moja moja hadi alfajiri. Sasa nataka mashine moja yenye diski na ramu giga 8 iwe seva, itoe Linux kwa waya, mtoto akiwasha komputa ije yenyewe bila kuchomeka chochote.

Nimeweka dnsmasq (programu ndogo ya kuhudumia mtandao) kwa seva (192.168.1.10), nikawasha TFTP (njia ya kutuma mafaili kwa waya), nikaweka pxelinux (programu ya kubutisha Linux kwa mtandao). Nikiwasha mashine na kuchagua kadi ya mtandao (njia ya PXE) yatafuta, yapata IP (anwani ya mtandao) kabisa naiona, halafu yaandika PXE-E53: No boot filename received (haikupata jina la faili la kubutia) na kurudi mwanzo. IP zinagawiwa na rauta ya waliotufungia intaneti, na nenosiri lake hawatoi, nishawaomba mara mbili. Kuna siku niliwasha DHCP (ugawaji wa IP) ya dnsmasq pamoja na ile ya rauta, simu za nyumba ya pili zikakosa intaneti nikazima mbio. Nifanyeje na rauta siwezi kuigusa?

baharia_mld (Malindi)

Waaleikum salaam maalim. Hiyo E53 isikutishe, maana yake waya ni mzima, kadi ni nzima na IP imeshapatikana. Kilichokosekana ni wa kuiambia mashine "faili la kubutia laitwa hivi na liko kwa fulani". Rauta hailijui hilo.

Usishindane na rauta. dnsmasq ina hali ya proksi, yaani rauta yaendelea kugawa IP kama kawaida na dnsmasq haigawi hata moja, yakaa yasikiliza tu, ikisikia mashine inayotaka kubuti kwa mtandao inapiga hodi ndio yaongezea ile habari ya faili. Simu za jirani haziguswi. Futa konfigi yako yote uweke hii:

port=0
log-dhcp
dhcp-range=192.168.1.0,proxy
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp
dhcp-match=set:ipxe,175
pxe-service=tag:!ipxe,X86PC,"Amu",undionly.kpxe
pxe-service=tag:!ipxe,X86-64_EFI,"Amu",ipxe.efi
pxe-service=tag:ipxe,X86PC,"Amu",menyu.ipxe
pxe-service=tag:ipxe,X86-64_EFI,"Amu",menyu.ipxe

Ile port=0 yazima DNS (kutafuta majina ya tovuti) ya dnsmasq, huihitaji. Mafaili mawili ya iPXE (programu ndogo ya kubutisha kwa mtandao), undionly.kpxe na ipxe.efi, yako kwa paketi ya Debian inaitwa ipxe, utayakuta /usr/lib/ipxe, nakili uyaweke /srv/tftp. Usiruke ule mstari wa 175 hata kidogo, mimi niliuruka ukanizungusha siku mbili. iPXE ikishaamka yauliza tena mtandaoni "nibuti nini", na usipoitambua wampa tena undionly.kpxe, yaamka tena, yauliza tena, haina mwisho. 175 ndio alama yake ya kujitambulisha, dnsmasq ikiiona yampa menyu.

Na pxelinux achana nayo kwa kazi hii. TFTP ni ya tangu mwanzo wa miaka ya 80, kawaida yake yatuma baiti 512 halafu yangoja jibu ndio itume zingine 512, sasa initrd (faili la kuanzishia Linux) ya mamegabaiti kwa mashine 14 kwa mwendo huo utakaa mpaka adhana. iPXE yajua HTTP, kwa hivyo TFTP ibebe lile faili dogo la kwanza na menyu tu, keneli (kiini cha Linux) na initrd zipite HTTP.

Fayawoli ya seva nayo fungua milango ya UDP 67, 69 na 4011, na TCP 80. Ukiona PXE-E32 jua TFTP ndio imezibwa.

mkaazi_wa_langoni (Amu)

Kaka Mungu akuweke, E53 imeondoka!! iPXE yaja, menyu yaja. Nimeweka nginx (seva ya HTTP), keneli na initrd zashuka vizuri. Kwenye keneli nimeandika boot=live fetch=http://192.168.1.10/deb/filesystem.squashfs kama nilivyoona mahali. Zile tatu za giga 4 zafika mpaka kwa deskitopu. Za giga 2 zote zafia njiani. Squashfs yangu (lile faili lenye Linux nzima iliyobanwa) ni giga 2.5.

bint_shela

Maalim hapo hesabu yenyewe yakataa, fetch yabeba squashfs nzima na kuiweka ndani ya ramu ndio mashine iwake. Giga 2.5 haiingii kwenye giga 2, haijalishi utafanya nini.

Tumia NFS (njia ya kusoma folda ya seva kupitia mtandao). Faili labaki kwa seva, mashine yasoma vipande inavyovitaka tu, mtoto akifungua LibreOffice ndio vile vya LibreOffice vyaja. Kwa seva weka nfs-kernel-server, kisha kwenye /etc/exports (orodha ya folda zinazogawiwa):

/srv/deb 192.168.1.0/24(ro,no_subtree_check)

na menyu.ipxe iwe hivi:

#!ipxe
kernel http://192.168.1.10/deb/vmlinuz boot=live components netboot=nfs nfsroot=192.168.1.10:/srv/deb ip=dhcp initrd=initrd.img
initrd http://192.168.1.10/deb/initrd.img
boot

Ile ro (kusoma tu) muhimu, mashine zote 14 zasoma faili moja na hakuna hata moja ya kuliharibu. Ubaya wake nakwambia mapema, seva ikizimika zote 14 zaganda hapohapo, kwa hivyo ukipata betri ya akiba yoyote iwe ya seva na swichi kwanza, nyie na stima ya kwetu twaijua. Kwa zile tatu za giga 4 fetch yawezekana lakini ziache zifanane na wenzake, kuhudumia mitindo miwili ni kujisumbua.

mkaazi_wa_langoni (Amu)

Bi shukran sana. Sasa yaniambia Unable to find a medium containing a live file system. Nfsroot nimeweka /srv/deb/live manake squashfs iko huko ndani, na exports pia.

bint_shela

Ndio kosa lenyewe. Yenyewe yatafuta folda inaitwa live ndani ya ile uliyoitaja. Ukiitajia live yatafuta live ndani ya live. Kote kote andika /srv/deb tu, uanzishe NFS upya.

mwl_wa_barani (Malindi)

Nimechelewa lakini hili lazima niliseme manake chumba chetu Malindi lilitutesa miezi na hakuna aliyetuambia. Maalim angalia nyaya zako.

Sisi kila kitu kilikuwa sawa kwenye konfigi, mashine 3 zikibuti pamoja ni raha, zikibuti 12 ni dakika na dakika, watoto wakae wamekunja mikono. Nikabadilisha NFS, nikabadilisha imeji (ile squashfs), nikaandika menyu upya, wapi. Siku moja nikaandika ethtool enp3s0 (amri ya kuonyesha mwendo wa kadi ya mtandao) kwa seva nikaona Speed: 100Mb/s na swichi ni ya giga, yaani 1000Mb/s. Nikachomoa waya wa seva nikauangalia kwenye mwanga wa dirisha, zile pini nane za shaba kwenye kichwa, mbili zilikuwa zimeota kijani kabisa kama sarafu iliyotoka baharini. Megabiti 100 yatumia nyaya nne tu, giga yataka zote nane, kwa hivyo pini moja ya zile nne nyingine ikiliwa na chumvi waya haufi, washuka kimyakimya, taa inawaka na wewe hushuku kitu. Nikakata kichwa nikapiga kipya, ikarudi 1000Mb/s siku hiyohiyo.

Piga hesabu uone. Waya wa 100 hupitisha kama megabaiti 12 kwa sekunde, na hizo ndizo mashine 14 zagawana. Wa giga hupitisha kama 110. Kama mngebaki na fetch, giga 2.5 mara 14 ni giga 35, kwa waya mbovu ni dakika kama 48, kwa mzima ni kama 5. NFS haibebi zote lakini foleni ni ileile. Waya wa seva ndio wa kwanza kuangalia, wa mashine moja ukishuka huumia mwenyewe tu. Na usipitishe waya ukutani kwa nyumba za mawe ya matumbawe bila bomba, ule ukuta wanyonya unyevu.

La pili, betri za saa kwenye bodi, zile CR2032. Kwa mashine za mitumba nyingi zimekufa. Stima ikipotea mashine yasahau kila kitu, hata ule mpangilio wako wa kubuti kwa mtandao kwanza, na tarehe yarudi miaka nyuma halafu tovuti za https zote zakataa kufunguka. Badilisha zote siku moja.

mkaazi_wa_langoni (Amu)

Wenzangu nimerudi. Njia ya folda nilirekebisha, ikakubali pale pale. Waya wa seva ethtool ilisoma 100 kweli mwalimu, na kichwa chake ni kijani vilevile ulivyosema, nimekata nikapiga kipya sasa yasoma 1000. Jana baada ya alasiri tumewasha zote pamoja, 12 zimefika kwa deskitopu. Mbili mpya kidogo za UEFI (mfumo mpya wa kuwasha mashine) zakataa, zasema Secure Boot (ulinzi unaokataa programu isiyo na saini). Betri nimeagiza, zaja na boti ya Alhamisi inshallah.

Moja tu limebaki, kazi za watoto. Mtoto ameandika insha yake saa nzima, stima ikapotea, hakuna kitu.

baharia_mld (Malindi)

Hizo mbili ingia kwenye mipangilio uzime Secure Boot, ile ipxe.efi haina saini inayoitaka.

Kazi za watoto, fanya folda ya pili kwa seva, /srv/kazi, hiyo iwe rw (kusoma na kuandika) kwenye exports, na ndani ya imeji uweke ijiunganishe yenyewe mashine ikiwaka, kila darasa na folda yake. LibreOffice nayo uiweke ihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 2. Ukiona kutengeneza imeji kwa mkono kwachosha angalia LTSP (mfumo wa kubutisha mashine nyingi kutoka seva moja), iliandikwa upya 2019 na yafanya karibu yote haya, hata folda za watoto, kwa dnsmasq na iPXE hizihizi. Lakini kwa kuwa yako yashawaka maliza hii kwanza.

mkaazi_wa_langoni (Amu)

Sawa kaka, naanza na /srv/kazi leo usiku. Nitaleta exports yangu hapa muiangalie kabla watoto hawajaingia Jumamosi.