Makangaga yangu yanakauka ncha, nipige dawa gani?

Mwinyi wa Kivulini: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, Pemba. Nyuma ya nyumba, chini ya mshelisheli, pana kivuli na unyevu, nimepanda makangaga kumi. Sasa ncha zinakauka, ukizishika zinavunjika kama karatasi iliyoungua. Na chini ya majani kuna vitone vya kahawia vimejipanga mistari. Silali vizuri. Nipige dawa gani?

Bi Karafuu: Dawa usipige! Vitone hivyo si wadudu, ndio uzazi wake. Kangaga halitoi ua wala tunda. Vitone vikiiva hutoa unga, nao ukianguka penye majimaji huota. Tatizo ni hizo ncha. Maji unachota wapi?

Mwinyi wa Kivulini: Maji ya kawaida tu, dada.

Mjukuu wa Mtungini: Marehemu bibi yangu alikuwa na kangaga chini ya mtungi. Hakulimwagia hata siku moja, lilikunywa matone tu. Mpaka leo nikiliona jani lile nasikia harufu ya udongo mbichi.

Bi Karafuu: Ya kawaida ya wapi?

Mwinyi wa Kivulini: Ya kisima. Yana chumvi kidogo, lakini pampu nimeshanunua, mipira nimeshatandaza. Isitoshe haya ni makangaga ya mikokoni, chumvi yameizoea.

Mkulima wa Konde: Hadithi ya kutunga hii. Kangaga la mikokoni halina vitone vya mistari. Majani yake ya juu, kwa chini, hupakaa kahawia yote kama mahameli.

Mpita Njia: Mie nilishuku tokea "maji ya kawaida".

Mwinyi wa Kivulini: Wallahi sijatunga. Niliona aibu kusema. Niliyang'oa Ngezi, msituni. Kule yamejaa, kumi hayapunguzi kitu.

Mzee Mkoani: Mwanangu, Ngezi ni hifadhi. Ndicho kipande kikubwa kilichobaki cha msitu uliokatwa tukapanda mikarafuu. Nenda kwa wasimamizi ukaseme.

Bi Karafuu: Nenda kweli. Na pampu izime leo. Kinga maji ya bati, mwagia mengi yaishushe chumvi, kisha funika shina kwa majani makavu. Ukitaka mengine, tazama nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka shinani, zina vichipukizi. Hivyo ndivyo vya kupandikiza.

Mwinyi wa Kivulini: Nyuzi nimeziona, nilidhani magugu nikazikata. Zimebaki mbili. Mvua imeanza, nimeshatega madebe. Asubuhi nakwenda Ngezi.