Tupeane uzoefu: saratani ya kongosho ilianzaje kwa mgonjwa wako?

Mjukuu wa Tukuyu

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa tatu tulimzika mzee, baba yangu. Nimekaa na daftari lake la kliniki nikalisoma upya, ukurasa kwa ukurasa, na kila kitu kimeandikwa mle. Sisi ndio hatukukisoma.

Mzee alikuwa seremala, miaka 61. Alianza na maumivu chini kidogo ya chembe ya moyo. Akaambiwa vidonda vya tumbo. Akameza omeprazole miezi mitano, anapata nafuu wiki moja, yanarudi. Halafu maumivu yakapenya hadi mgongoni, tukasema ni kazi ya kuinamia randa. Usiku alikuwa haketi wala halali: anakumbatia mto na kuinama mbele, kwani akilala chali ndipo yanapomzidi. Mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu tatu mpya kwa msumari. Nilicheka nilipoziona. Leo sicheki.

Kisha sukari ikapima 14. Ukoo wetu hauna kisukari, na mzee hajawahi kuwa na kitambi. Akapewa metformini, na mtu akiuliza mbona unakonda, jibu lipo tayari: sukari inakondesha.

Kilichoniuma zaidi ni karatasi ya ultrasaundi. Imeandikwa: ini zuri, figo nzuri, "kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi". Tukarudi nyumbani tunashangilia kwamba hana kitu. Halikuonekana, wakuu. Hawakusema ni zima. Kipimo cha picha cha CT tulikifanya miezi minne baadaye: uvimbe mkiani mwa kongosho, na ini limeshajaa madoa.

Naomba kila aliyeuguza aseme dalili ya kwanza kabisa ilikuwa ipi. Siyo ile ya mwisho ambayo kila mtu anaiona.

Mama Wawili

Pole sana mdogo wangu. Mimi nina habari ya upande mwingine kidogo, maana mume wangu yupo, sasa hivi yuko nje anamwagilia mchicha.

Kwake hakukuwa na maumivu hata kidogo. Alianza kuwashwa. Mwili mzima, hasa viganja na nyayo, hadi akawa anajikuna na gunzi la hindi. Tukabadilisha sabuni, tukaanika magodoro, tukamlaumu kunguni. Siku moja mwanangu mdogo akasema, "Baba, choo chako cheupe kama chaki." Ndipo nikamtazama vizuri mwenzangu juani: macho manjano, na mkojo ameshaniambia ni kama chai ya rangi, nikamwambia anywe maji.

Mashauri yalikuja ya kila namna. Shemeji akasema homa ya manjano, jirani akasema ini, mama mkwe akasema kuna mtu kazini ana kijicho naye. Bahati yetu daktari mmoja kijana alimbonyeza tumbo akasema: manjano bila homa na bila maumivu kwa mtu wa miaka 54, hatulali hapa, nawaandikia rufaa leo.

Alitueleza kwa kuchora. Mrija wa nyongo ukitoka kwenye ini unapita ndani ya kichwa cha kongosho kabla ya kumwaga kwenye utumbo. Uvimbe ukiota pale kichwani, hata mdogo, unaubana mrija. Nyongo inarudi kwenye damu, ndiyo manjano, ndiyo muwasho, ndiyo mkojo mweusi. Choo kinakosa rangi kwa sababu rangi yake hutoka kwenye nyongo. Wa mzee wako ulikuwa mkiani, hauna mrija wa kubana, ukakua kimya kimya.

Kwa hiyo nasema, ajabu yake, yale manjano ndiyo yaliyomwokoa. Alifanyiwa upasuaji ule mkubwa wa Whipple: wanaondoa kichwa cha kongosho, sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na kipande cha mrija, halafu wanaunga upya. Aliingia chumba cha upasuaji asubuhi akatoka jioni. Baadaye dripu za kemo. Huu ni mwaka wa sita. Kila akila anameza vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula, akisahau choo kinaelea kina mafuta.

Karanga Mbichi

Hata Steve Jobs na hela zake zote iliondoka naye. Ikikupata imekupata tu.

Nesi wa Zamu

Karanga, ya Jobs ilikuwa aina nyingine, ile inayoanzia kwenye seli za homoni na kukua polepole. Iligunduliwa 2003, akafariki 2011. Hii inayosemwa hapa ni ile ya kawaida, kali zaidi.

Mjukuu, nimesoma daftari la mzee kupitia maneno yako na nimeumia, maana nami nimeshawahi kumwandikia mtu "sukari mpya, uzito umepungua" nikageuza ukurasa. Mtu aliyepita miaka 50 akipata kisukari ghafla huku anakonda, aulizwe habari za kongosho. Kongosho ndilo linalotengeneza insulini, likivamiwa sukari inayumba. Mimi naongeza dalili moja ambayo watu hawaifikirii: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwa damu iliyoganda, bila safari ndefu wala kulazwa. Mara nyingine huo mguu hutangulia tumbo.

Halafu msikimbilie kulipia kipimo cha damu cha CA 19-9, kile cha alama ya saratani hii, kama uchunguzi wa jumla. Mawe ya nyongo yanaweza kukipandisha, na kuna watu miili yao haitengenezi kabisa hicho kinachopimwa hata wakiwa na saratani. Mtu asiye na dalili hana kipimo cha kumpima kila baada ya muda kama tunavyopima shingo ya kizazi. Wanaofuatiliwa kwa picha za MRI ni wenye ndugu wa damu wawili au zaidi waliougua, au waliorithi jeni yenye hitilafu kama BRCA2.

Karanga Mbichi

Nesi, mjomba wangu mlokole. Hakuvuta, hakunywa, akafa nayo. Babu wa jirani anavuta sigara za Nyota mpaka leo na anapanda mnazi. Kinga iko wapi?

Nesi wa Zamu

Kinga kamili haipo, sitakudanganya. Kuna kupunguza. Sigara pekee huongeza hatari karibu mara mbili. Unene nao umo, na pombe kali ya miaka mingi inayochoma kongosho taratibu. Mtazame Jimmy Carter, yule rais wa zamani wa Marekani: baba yake na wadogo zake wote watatu walikufa kwa saratani hii. Mwenyewe alisema tofauti yake na wao ni kwamba hakuwahi kuvuta sigara. Alifikisha miaka 100. Siyo ushahidi wa maabara, lakini mimi ningekuwa babu wa jirani yako ningeizima.

Tiba Asili Original

Poleni. Nina mizizi inasafisha kongosho siku 21. Njoo PM.

Mjukuu wa Tukuyu

Mkuu, baba alikunywa lita tano, ya kwako au ya mwenzako. Ilitula wiki sita. Pita kushoto.

Binti Mbarali

Nimesoma uzi wote na mikono inatetemeka. Mama yangu ana miaka 58, anajikuna tangu mwezi uliopita, nilimpelekea mafuta ya nazi. Nimuulize nini?

Mama Wawili

Muulize rangi ya mkojo na ya choo. Mtoe nje mchana umtazame weupe wa macho, taa ya ndani inadanganya. Inaweza kuwa mawe ya nyongo, usimlie kabla. Lakini usingoje.

Binti Mbarali

Nimempigia. Amenigombeza, mtoto gani anamuuliza mama yake habari za choo. Kisha akanyamaza kidogo, akasema ni cheupe, wiki ya pili sasa, alidhani ni uji wa mchele. Kaka anamleta Mbeya kwa basi la asubuhi.