Tupeane uzoefu: umepunguzaje kemikali kwenye chakula chako cha kila siku?

Wakuu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Kwa miaka nilikuwa nabeba chakula cha mchana kazini kwenye kopo la aiskrimu. Lilelile kila siku. Nikifika naliingiza kwenye maikrowevu na mfuniko wake, dakika tatu, nala. Siku moja naliosha, likawa bado linateleza, nikapitisha kidole ndani. Pale mchuzi wa nyanya ulipokuwa unaishia, plastiki ilikuwa imeota vipele kama ngozi iliyobabuka, na ile rangi ya machungwa haitoki hata usugue vipi. Nikajiuliza, kilichobanduka hapo kimekwenda wapi? Jibu nilikuwa nalo tumboni.

Joto na mafuta ndivyo vinavyovuta kemikali kutoka kwenye plastiki. Wengi tunaijua bisfenoli A (BPA), kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, na si ya kupuuza: mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikishusha kiwango chake kinachovumilika kwa siku mara 20,000, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku yake kwenye vifaa vinavyogusa chakula. Ila maandishi ya "haina BPA" hayakuambii wameweka nini badala yake. Mimi nimehamia bakuli la kioo. Plastiki nimeiachia unga na maharage makavu.

Haya, nyie mmebadilisha nini? Naomba mambo uliyoyafanya mwenyewe, zile jumbe za "sambaza kwa watu kumi" tuziache hukohuko.

Mama Pacha: Kwangu ni wali. Wanangu walikuwa wanakula uji wa mchele asubuhi na wali jioni, hadi daktari akaniuliza kama nyumbani hakuna nafaka nyingine. Mpunga unakua umesimama majini, kwa hiyo unafyonza aseniki, sumu ya asili iliyo udongoni, kuliko nafaka nyingine. Siku hizi nachemsha maji kwanza, namimina mchele, dakika tano, namwaga maji yote. Natia mapya, namalizia kwa moto mdogo hadi yakauke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield waliipima njia hii mwaka 2020: ilitoa zaidi ya asilimia 50 ya aseniki kwenye mchele wa kahawia, na 74 kwenye mweupe. Mama mkwe aliponiona namwaga yale maji meupe alishika kifua. "Unamwaga utamu wote!" Alipoonja akanyamaza, kisha akaongeza sahani. Angalizo: kama maji yako ya kupikia ndiyo yenye aseniki, hujafanya kitu.

Mzee wa Kausha: Mimi matunda naosha kwa sabuni ya vyombo. Niko mzima.

Dada Jiko: @Mzee wa Kausha kaka, sabuni iache, ganda lina vitundu, unaila. Maji yanayotiririka na mkono wa kusugua vinatosha. Tufaha naloweka kwenye maji ya beking soda robo saa, kisha nasuuza. Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu hivyo mwaka 2017, ikatoa sehemu kubwa ya dawa ya kuua wadudu iliyokuwa juu ya ganda. Iliyokwisha kuzama kwenye nyama ya tunda haitoki.

Mkulima Mstaafu: Mnaongelea plastiki na dawa, sumukuvu ya karanga (aflatoksini) mmeisahau. Mimi nilikuwa naamini ukikaanga karanga vizuri inakufa. Haifi. Kuvu ndiye anayekufa, sumu aliyoiacha inabaki, na moto wa jikoni hauitoshi. Dawa yake ni macho: namwaga karanga kwenye ungo mchana, natoa zilizosinyaa, zenye madoa, zenye vumbi la kijani. Ukitafuna moja ikawa chungu, tema, usijikaze kwa sababu kuna wageni. Na hizo mbovu msiwape mifugo. Sumukuvu yenyewe ilikuja kujulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, chanzo chakula chenye karanga. Ukimpa ng'ombe inakurudia kwenye maziwa.

Kijana wa Chipsi: Akrilamaidi je, ile kemikali inayoshukiwa kuleta saratani? Waswidi waliitangaza mwaka 2002: viazi na mkate vikipita nyuzi 120 za joto, inajitengeneza yenyewe, na kadiri unavyounguza ndivyo inavyoongezeka. Naloweka vipande nusu saa, nakausha kwa kitambaa, natoa vikiwa na rangi ya dhahabu. Shida ni kaka yangu, anazitaka za kahawia. Anarudisha sahani jikoni kama yuko hotelini.

Dada Jiko: @Kijana wa Chipsi mpe mwiko akaange mwenyewe 😂

Mama Pacha: Mleta uzi, lile kopo ulilitupa?

Mleta uzi: Lipo stoo. Limejaa misumari.