Ombi langu la kwanza kwenye programu huria limefungwa bila jibu. Naombeni ushauri

Chipukizi_Shangani: Habari za usiku wakuu. Nipo Mtwara mjini. Mwaka sasa najifunza Python mwenyewe, kwa laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na bando la simu. Msimu huu wa korosho mchana nashinda ghalani, laptopu naifungua saa tatu usiku. Juzi nilipata mradi mdogo GitHub, ule mtandao wa kuweka msimbo wa programu, uliokuwa unasoma tarehe vibaya. Nikarekebisha mistari mitatu, nikatuma ombi la kuunganisha (pull request), yaani mwenye mradi ayapokee marekebisho yangu. Asubuhi nakuta limefungwa, hakuna hata neno. Nimeumia kwa kweli. Au nisome zaidi kwanza?

Fundi_Masasi: Pole mdogo wangu. Umethubutu, hongera. Hebu fungua lile ombi: juu linasema mistari mingapi imebadilika?

Chipukizi_Shangani: Eh! 412 imeongezwa, 412 imeondolewa. Mimi niligusa mitatu tu kaka.

Fundi_Masasi: Basi tatizo ni hilo, wala si kiwango chako. Kihariri chako kimebadilisha miisho ya mistari. Windows hufunga mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Kwa macho faili ni lile lile, kwa Git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, kila mstari ni mpya. Mwenye mradi naye pengine anajitolea tu baada ya kazi zake, umempa faili zima alisome. Neno moja angekuandikia, hapo nipo upande wako.

Kama unatumia Windows, weka `git config --global core.autocrlf true`, Git irekebishe miisho yenyewe. Halafu kabla ya kukomiti (kuhifadhi mabadiliko kwenye Git) piga `git diff --stat`. Idadi ya mistari ikizidi uliyogusa, usitume.

Dada_Nachingwea: Naongezea la bando, maana lilinitesa sana. Mradi wa zamani ukiuvuta wote unashuka na historia yake ya miaka. Tumia `git clone --depth 1`, unapata hali ya sasa tu. Tena usidharau tafsiri. LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, inatafsiriwa kwenye Weblate, tovuti ya kutafsiria programu, ndani ya kivinjari, hupakui chochote. OpenOffice, iliyoitangulia, ilitoka kwa Kiswahili 2004 kwa kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo njia ilishafyekwa. Mimi nilianzia huko, nikazoea kukosolewa na watu nisiowajua kabla sijagusa msimbo.

Chipukizi_Shangani: Asanteni sana dada na kaka. Nimevuta upya, nimerekebisha, `--stat` inasema faili moja, mitatu kwa mitatu! Nifufue ombi la zamani au nianze jingine?

Fundi_Masasi: Anza jingine, kwenye tawi jipya (njia ya pembeni ya kazi ndani ya Git). Soma kwanza faili la CONTRIBUTING, lenye maelekezo ya kuchangia mradi, kama lipo. Maelezo yawe mafupi: tarehe ipi uliiingiza, ilitoka nini, sasa inatoka nini. Taja na ombi la kwanza, useme kilichoharibika kilikuwa miisho ya mistari. Ukishatuma weka majibu hapa, tunasubiri.