MJADALA: Poka ya simu au kasino ya Dar, mtu wa Tanga acheze wapi?

MwanaMakorora: Wakuu, swali. Mtu yuko Tanga, poka anaijua, anataka kucheza kwa pesa. Kasino ziko Dar, kilomita 350 hivi. Nauli kwenda na kurudi, chumba, chakula. Mtandaoni kuna meza za senti 1 kwa 2 za dola, yaani blaindi ndogo na kubwa, yale madau ya lazima kabla ya karata, unakaa na dola 2 tu na tayari una blaindi kubwa 100. Apande basi kwa lipi?

Chumbageni_Kati: Hakuna la kupandia. Mgawaji wa kasino anatoa mikono, yaani raundi, 25 hadi 30 kwa saa. Mtandaoni meza moja ni 60 hadi 80, ukifungua nne unakaribia 300. Makato nayo: kasino nyingi hukata hadi asilimia 10 ya fungu la madau mpaka lifike kikomo chao, mtandaoni ni kama 5, na hakuna bakshishi ya mgawaji. Wanaokwenda kasino wanafuata kupigwa picha.

Bombo77: Picha? Haya, weye mwenye hesabu, tuhesabu. Mtu anayepoteza blaindi 5 kila mikono 100, kasino kwa saa anaacha blaindi moja na nusu. Kwa meza zako nne anaacha 15. Hiyo ndiyo faida unayomuuzia mwenzio? Halafu tuseme kweli, wacheza simu wengi wanaogopa kutazamwa usoni.

Ngamiani Brb 12: Uso tena! Mwazungumza kama poka ni uaguzi. Mtandaoni unasoma muda na ukubwa wa dau. Anayefuata dau papo hapo baada ya karata tatu za mwanzo za pamoja mezani, mara nyingi ana jozi ya kati au anasubiri rangi (karata tano za ua moja), maana mwenye karata kali angefikiria kwanza kama apandishe. Na mtu akiingia mikono 40 katika 100 lakini anapandisha mitano tu, huyo ni mteja wako, humhitaji uso wake. Kuna programu zinazokuhesabia hayo, ila soma masharti kwanza, saiti nyingine zinazikataza na akaunti inafungwa.

Bombo77: Kwa hiyo simu inakusomea. Ahsante, umenijibia.

Ngamiani Brb 12: Na mwenye daftari naye kasomewa na daftari?

Ustadhi wa Duga: Mnashindana nauli ya kwendea maysir, kamari. Al-Maida, aya ya 90. Nimemaliza.

MwanaMakorora: Shekhe, tumekusikia na tunakuheshimu. Swali lilikuwa simu au kasino.

Ustadhi wa Duga: Na jibu langu ni aya ile ile kwa zote mbili.

Pongwe_Njiapanda: Mie nina neno moja tu. Mtandaoni karata zinapangwa. Ree mbili, mkono mkali kuliko yote ya kuanzia, zinapigwa kila siku.

Chumbageni_Kati: Hazipangwi, unazihesabu vibaya. Ree mbili zinakuja mara moja katika mikono 221. Zikikutana na kingi mbili zinashinda mara 82 katika 100, yaani karibu mara moja kati ya tano unapigwa kihalali. Kasino ukikesha unaweza usizione kabisa. Kwa mikono 300 kwa saa unaziona zaidi ya mara moja kila saa, na kila kipigo unakikumbuka.

Bombo77: Usimfunike mwenzio. Saiti ya UltimateBet waliibiwa watu mpaka ikafichuka 2008, kulikuwa na akaunti zinaona karata za wote mezani. Saiti ya Absolute Poker mwaka mmoja kabla. Na mashine je? Programu ya Libratus 2017 iliwapiga wacheza wanne wa kulipwa kwa mikono 120,000. Pluribus 2019 ikacheza meza ya watu sita na ikashinda. Utajuaje uliyekaa naye ana pumzi?

Chumbageni_Kati: Wezi hao walinaswa kwa sababu mtandaoni kila mkono unaandikwa. Wachezaji wenyewe walichambua rekodi, wakaona mtu anashinda kwa kiwango kisichowezekana. Kasino mgawaji akishirikiana na mteja utachambua nini?

Sahare_Lady: Mmesahau pesa inatokaje. Saiti isiyo na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ukidhulumiwa huna pa kushtaki. Saiti ya Full Tilt 2011 ilipofungiwa na Marekani, fedha za wachezaji hazikuwa zimetengwa, wengine wakasubiri miaka. Kwa hiyo: jina la akaunti lifanane na kitambulisho herufi kwa herufi, weka kidogo, kisha toa kidogo kabla hujaongeza. Angalia pia dola na shilingi, unakatwa kuingia na unakatwa kutoka. Bando likikata katikati ya mkono, ule muda wa akiba ukiisha mkono wako unatupwa na ulichokwishaweka kinabaki mezani. Umeme ukizima, ruta inakwenda nao. Laini ya pili iwe na bando tayari, na kwa simu msizidi meza mbili, kidole kinabonyeza pasipo.

Pongwe_Njiapanda: Lakini Moneymaker, bingwa wa dunia wa poka wa 2003, aliingia kwa dola 40 mtandaoni akatoka na milioni 2.5.

Sahare_Lady: Dola 86.

Bombo77: Na fainali ya 2003 ilichezwa wapi? Binion's, Las Vegas, uso kwa uso na Sammy Farha. Mfano mmeleta nyie.

Ngamiani Brb 12: Haswa, tuumalize huo mfano. Karata za pamoja mezani ni 9, 2, 6, 8, 3. Farha ana jozi ya tisa. Moneymaker ana kingi na saba, hana hata jozi, rangi na mfululizo vyote vimemkosa. Akaweka zote. Farha akamtazama uso anavyotaka, kisha akatupa. Huo uso ulimpa nini?

Bombo77: Alisoma sawasawa! Alimwambia kabisa, lazima umekosa rangi yako. Kilichompungukia ni ubavu wa kufuata.

Ngamiani Brb 12: Kasoma, akatupa. Fungu likaenda kwa aliyejifunzia kwenye kompyuta.

Bombo77: Kwa mkono mmoja.

Chumbageni_Kati: Mkono mmoja! Mtu anayecheza 25 kwa saa ndiye anatufundisha udogo wa mkono mmoja.