Fundi kaua gitaa la marehemu baba, halafu ananiuliza "kwani ulikuwa unalipiga?"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kwake sasa hivi. Simtaji, wote mnamjua, yule wa "njoo kesho asubuhi", na kesho yake ina wiki sita.

Gitaa la umeme la marehemu baba, kalipigia solo kwenye dansi tangu sijazaliwa. Rangi imebanduka kama ukuta wa choo cha stendi. Nikasema nilitie michoro ya Tingatinga: tausi kifuani, chui pembeni. Nikamwambia kwa mdomo wangu: toa nyuzi, fungua zile skrubu nne shingo itoke, chomoa pikapu, zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi, piga msasa, ndipo upake.

Hajatoa hata uzi mmoja. Kapaka JUU YA NYUZI! Tausi kaanzia kwenye mbao, kapanda pikapu, kavuka nyuzi zote sita, mkia umeishia shingoni, freti ya kumi na mbili. Ukizigusa zinalia kama mlango wa kabati. Namwonyesha, ananitazama kwa huruma: "Bosi, kwani ulikuwa unalipiga?"

KWANI NILIKUWA NALIPIGA! Sasa nilikuwa napigia pasi?

Na yule si chui, ni paka kamwagiwa chai. Mgongoni kaandika namba yake ya simu kwa rangi nyekundu, "tunapaka na mageti". Hilo ningemeza. Lakini "kwani ulikuwa unalipiga"? Kwenye daladala nimelipakata, konda ananiuliza hiyo picha shilingi ngapi.

Nyuzi Sita: Picha mkuu. Bila picha huu ni umbea.

Mtoto wa Magomeni: Nimecheka ofisi nzima imegeuka. Ila tuseme ukweli, ulikuwa unalipiga?

Mleta uzi: Usinianze.

Mzee wa Zilipendwa: Kijana, Edward Tingatinga alianza 1968 na rangi ya baiskeli, akachora kwenye hadibodi. Hadibodi haina nyuzi. Fundi kafuata mila. Hizo nyuzi tupa, ila thina usiisogeze kwenye pikapu, itakula plastiki.

Mama Pacha: Afadhali wewe kaka. Yule fundi cherehani wetu kanishonea gauni la sendofu, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, eti ndiyo fasheni.

Mtoto wa Magomeni: Wa jirani na mashine ya kusaga?

Mama Pacha: Huyo huyo!

Nyuzi Sita: Ana suruali yangu tangu Pasaka. Juzi nimemkuta kaivaa.

Mleta uzi: Wakuu, gitaa?

Mzee wa Zilipendwa: Kaivaa na mkanda au bila mkanda?

Dada wa Tabata: Mama Pacha, wako mfupi ni wa kulia au kushoto? Wangu ni wa kushoto. Tuonane tupate gauni moja zima.